Tochi imekugomea? Anza na betri, na uanze na saizi yake

Korosho zikikaribia kudondoka, meza yangu hapa Mikindani hujaa tochi. Mwenye shamba anakwenda kulala bandani kulinda korosho alizoanika. Mvuvi wa pweza anasubiri bamvua atembee mwambani usiku. Mama wa nyumbani ameona wingu zito upande wa bahari, akakumbuka ile tochi iliyolala kabatini tangu mwaka jana. Wote wanakuja na neno moja: "Fundi, hii imekufa." Naifungua, na mara nyingi tochi yenyewe haina kosa. Mwenye kesi ni betri, au tuseme aliyeichagua.

Dalili nimeziandika kama wateja wanavyozitamka. Ukiwa na maltimita, yaani mita ya kupimia umeme, hata ya bei ya chini, itakusaidia sana. Usipokuwa nayo, macho, vidole na kipande cha waya vitakufikisha mbali.

## "Betri mpya, lakini kimya kabisa"

Fungua kifuniko cha nyuma utazame kama kuna kikaratasi au kiplastiki cha duara. Tochi nyingi mpya huja nacho ili betri isiishe kabla ya kununuliwa. Nimewahi kumpokea mtu aliyepanda gari kutoka Tandahimba kwa ajili ya kiplastiki hicho tu. Sikumtoza kitu, ila tulicheka.

Halafu tazama betri zimelalaje. Kwenye tochi ndefu, kichwa cha betri, yaani upande wa chanya, huelekea kwenye taa. Tochi za kichwani ni tofauti: betri hulala ubavu kwa ubavu, moja kichwa huku, nyingine kichwa kule, na springi hukaa upande wa hasi. Ukigeuza moja kati ya tatu, umekosa taa.

Kama zimekaa sawa, pima swichi. Kwa tochi ya bati au alumini, toa kifuniko cha nyuma, chukua waya uliomenywa ncha, gusisha ncha moja kwenye kitako cha betri na nyingine kwenye ukingo wa mwili wa tochi, pale pasipo na rangi. Ikiwaka, betri na taa ni vizima, swichi ndiyo imechoka. Isipowaka, rudi kwenye betri.

Wanaotumia betri ya lithiamu ya 18650 wana shida yao ya peke yao. Namba hiyo ni kipimo: upana milimita 18, urefu milimita 65, na sifuri ya mwisho inasema ni ya duara. Lakini zile zenye sakiti ya ulinzi kitakoni hurefuka mpaka karibu milimita 70, na kwenye tochi fulani kifuniko hakifungi. Na zile zilizotolewa kwenye betri ya laptop zina kichwa bapa. Haziinuki kugusa bati la mbele. Vijana hudondoshea tone la risasi ya kuchomelea juu yake ili ipate kichwa. Mimi kazi hiyo naikataa. Lithiamu na moto wa kuchomelea havikai meza moja.

## "Inawaka, lakini kama kaa la moto"

Hii ndiyo dalili ninayoiona kuliko zote, na ndipo watu wanapopoteza hela.

Kuna mzee mmoja mteja wangu, mlinzi wa mahindi kule bondeni, aliyekuja na tochi ya betri kubwa mbili. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Nataka unibadilishie, nataka yenye nguvu, ya betri nne ndogo zile haifai, vibetri vile havina nguvu." Nikachukua maltimita, nikapima betri yake kubwa mpya, kisha ndogo mpya ya saa ya ukutani. Zote mbili: volti 1.5 na chenji kidogo. Akadhani mita yangu mbovu.

Betri kubwa (D), ya kati (C), ndogo (AA) na ya rimoti (AAA), zote ni volti 1.5. Fikiria pipa na ndoo juu ya dari moja, kila kimoja na bomba lake. Maji yanatoka kwa kasi ile ile. Pipa linachelewa kuisha, basi. Taa ndogo ya LED inayokula miliampia 100 hivi itakwenda saa kumi kwa AAA za alkalaini, saa ishirini au ishirini na tano kwa AA, na saa mia na zaidi kwa D. Kwa hiyo mwanga hafifu kwenye betri mpya chanzo chake si udogo wa betri. Tafuta kwingine.

Kwanza, soma herufi. Betri ya D ikiandikwa LR20, ile L inakwambia ni ya alkalaini. Ikiandikwa R20 tupu, ni ya zinki na kaboni, ile ya bei rahisi tuliyokua nayo. Ndivyo ilivyo kwa ndogo, LR6 na R6, na za rimoti, LR03 na R03. Ya zinki inafaa saa ya ukutani, rimoti, redio ndogo. Kwenye tochi kali ya LED inachoka upesi, na ukiisukuma sana mwanga unashuka dakika chache baada ya kuwasha, hata kama ni ya leo. Ukiizima ikapumzika, inarudi kidogo. Ndiyo maana wazee huzianika juani au kuziminya kwa meno: joto linaamsha kemia iliyobaki, unapata dakika kadhaa, kisha giza lile lile, na betri iliyoanikwa inavuja mapema.

Pili, betri za kuchaji za AA, zilizoandikwa HR6, ni volti 1.2, si 1.5. Kwenye tochi ya betri tatu unapata 3.6 badala ya 4.5, na taa nyeupe ya LED inahitaji karibu volti 3 ndipo ionekane ni taa. Tochi ya betri mbili isiyo na sakiti ya kupandisha umeme itapepesa tu. Betri hizi si mbaya, mimi mwenyewe ninazo, lakini uliza kwanza kama tochi inazikubali.

Tatu, umechanganya. Betri mbili mpya na moja ya zamani, ili kubana matumizi. Ile dhaifu inaisha kwanza, nzima zinaendelea kuilazimisha, inageuzwa kinyumenyume na kuanza kuvuja. Badilisha zote kwa pamoja au acha zote.

Ukipima kwa mita: alkalaini mpya inasoma 1.55 hadi 1.6. Ikifika 1.3, imekula nusu au zaidi. Chini ya 1.1 kwa tochi imekwisha, mpe saa ya ukutani aimalizie. Usipokuwa na mita, alkalaini iinue vidole vitatu juu ya meza ngumu uiachie isimame kwa kitako. Mpya huangukia kwa kishindo kizito ikatulia. Iliyotumika inadunda, kwa sababu zinki ya ndani iliyokuwa kama uji imegandamana. Kudunda hakumaanishi imekwisha kabisa, kunamaanisha si mpya, na hilo linatosha ukiwa kwa muuza duka anayekuapia. Kwa betri za zinki jaribio hili halifai.

## "Ilikuwa inang'aa vizuri, ghafla ikazima"

Betri za kawaida huaga. Mwanga unashuka taratibu, unapata muda wa kutafuta njia. Lithiamu haiagi: inang'aa, inang'aa, halafu giza, kwa sababu sakiti hukata umeme betri inaposhuka kwenye volti 3 au chini yake kidogo, isije ikaharibika. Si ubovu. Iweke kwenye chaja yake, itaamka.

Shida ni pale chaja inapokuwa haina pa kuchomekwa. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja, nilikuwa kwenye basi la kwenda Dar es Salaam. Mvua ikakata barabara upande wa Kilwa, tukalala njiani karibu na Somanga. Tochi yangu ya 18650, ile ninayowaonyesha wateja kwa majivuno, ikazima saa nne usiku. Kibanda cha jirani kilikuwa na betri, tena pakiti nzima zikining'inia, za AA. Fundi tochi mzima, nimesimama gizani na tochi mkononi. Nitaurudia usiku huo mwishoni.

Tangu hapo mtu akiniuliza saizi gani ni nzuri, namrudishia swali: ikikuishia usiku, utanunua wapi? Duka la mwisho kabla ya unakolala ndilo linalochagua saizi, si mng'ao wa tochi mjini. Vijiji vya ndani vya Newala au Liwale utakuta AA, utakuta D, na AAA kwa ajili ya rimoti. Ya kati, C, unaweza kuzunguka maduka kumi. Kwa hiyo tochi ya C, hata ukipewa bure, fikiria mara mbili.

Anayelala shamba wiki nzima kulinda mazao, akikaa dunguni na kumulika nguruwe mara moja moja, achukue tochi ya LED ya betri mbili kubwa. D ya alkalaini ina uzito wa gramu 140 hivi, lakini huibebi, umekaa nayo. Hata ukitumia za zinki zitakufikisha siku kadhaa kwa kumulika kwa vipindi.

Anayetembea mwambani kuwinda pweza anataka mikono miwili huru, chuma mkono mmoja na kapu mwingine. Huyo ni tochi ya kichwani. Za AAA tatu ni nyepesi, kila betri gramu kumi na kitu, ila zinaisha haraka. 18650 moja ina nishati karibu mara mbili ya AAA tatu hizo, na kama nyumbani una umeme wa kuchaji kila siku, ndiyo ya kwako. Tafuta tochi inayokubali vyote viwili: nyingi huja na kikasha cha plastiki cha AAA tatu kinachoingia pale pale pa 18650. Watu hukitupa pamoja na boksi. Kikasha hicho, na AAA tatu mfukoni, ndivyo vingeniokoa Somanga, kama na mimi nisingekuwa nimekitupa.

Wanaokwenda kupiga kambi ufukweni Msimbati, siku mbili tatu, wakae na 18650 na pawabenki, na tochi ndogo moja ya AA kama akiba.

Kwa dharura ya nyumbani mimi ni mtu wa AA, sibishani tena. Sababu si tochi, ni redio. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, watu wa Mtwara tulikaa tukisikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa mpaka kikapiga upande wa Msumbiji, na wazee wa Lindi bado wanakumbuka kile cha 1952. Ukiwa na AA nane za alkalaini ndani ya mfuko mkavu, unaweza kulisha tochi leo, redio kesho, bila kununua saizi mbili. Alkalaini nzuri iliyofungwa inakaa miaka mitano hadi kumi. Ya zinki, miaka miwili mitatu. Tazama tarehe kwenye pakiti, na usiziweke juu ya kabati karibu na bati la paa. Joto linazila kimyakimya.

## "Ukiigonga inawaka, ukiiacha inazima"

Hapa ni kugusana. Hewa yetu ina chumvi, na springi ya bati haiivumilii. Ifungue mchana, juani. Kama ni kutu tu ya rangi ya chai, pitisha msasa laini au kifutio cha penseli kwenye springi na kwenye bati la mbele, kisha zungusha kifuniko mara kadhaa, nyuzi zake zijisafishe.

Ukikuta unga mweupe uliogandamana kwenye springi kama chumvi kwenye ukingo wa sufuria ya maji ya bahari, betri imevuja. Unga wa alkalaini si asidi, ni kinyume chake, kwa hiyo unauawa kwa asidi: chovya pamba kwenye siki au maji ya ndimu, gusa, utaona povu dogo, futa, kausha. Betri za zinki zikivuja ni asidi, huacha uji wa kahawia unaokula mpaka chuma; hizo futa kwa magadi kidogo yaliyolowanishwa. Usipulize unga huo, na nawa mikono kabla ya kula.

Kama springi imeshaliwa imebaki nusu, itoe. Springi ya kalamu kubwa inaziba pengo kwa muda, lakini inapata moto, ibadilishe.

Iliyoanguka baharini: toa betri papo hapo, suuza tochi kwa maji baridi ya kisima, ifungue yote, ianike kivulini. Wanaoisubiri mpaka warudi nyumbani wananiletea kutu.

## "Nimeweka betri, ikamulika mara moja ikaungua"

Muulize aliyekuuzia ilikuwa namba gani. Kuna betri iitwayo 14500. Upana milimita 14, urefu 50, ukiishika ni AA mtupu. Lakini ni lithiamu, volti 3.7, na ikijazwa 4.2. Ukiweka mbili kwenye tochi ya AA mbili umeipa volti 8 badala ya 3. Nimeona na redio iliyokufa hivyo hivyo. Betri ya saizi ya AA ikiwa imeandikwa 3.7V, ni ya tochi iliyosema wazi inaipokea, si vinginevyo.

Na kinyume chake: usiiweke 14500 kwenye chaja ya HR6, wala HR6 kwenye chaja ya lithiamu.

## "Inapata moto", "imevimba", "imeandikwa 9900 lakini haikai"

Tochi kali kuwa ya moto kichwani ni kawaida, LED inatoa joto. Ikiwa moto uko kwenye mwili, penye betri, zima na uitoe. Lithiamu iliyovimba, iliyobonyea au iliyochubuka ile nailoni yake ya nje, usiichaji tena hata kama inawaka.

Kuhusu namba kubwa: 18650 za kweli huanzia 2000 hivi na kuishia karibu 3500 mAh, yaani miliampia-saa, kipimo cha umeme ambao betri inabeba. Ile inayojitangaza 6800 au 9900 imedanganya kabla hujaifungua. Iweke kwenye mizani ya duka la dhahabu kama una rafiki huko: nzima ina gramu 45 au zaidi. Nimeshika zenye gramu ishirini na kitu, ndani kuna betri ndogo na kitu kingine cha kujazia.

## "Ya kuchaji ukutani, sasa haikai na chaji"

Zile tochi kubwa za plastiki zenye plagi iliyojificha nyingi zina betri ya risasi na asidi ya volti 4. Hiyo haipendi kukaa tupu. Ikiachwa bila chaji miezi miwili mitatu, ndani inaota chumvi ngumu na haishiki tena. Ipe chaji kila mwezi hata kama hukuitumia. Ikishakufa, betri hiyo inauzwa peke yake na kubadilishwa kwa nyaya mbili. Usinunue tochi nzima. Ila kwa dharura ya mvua kubwa, ambapo umeme unaweza kukatika siku kadhaa, hii ndiyo tochi ya mwisho kuitegemea.

## "Saizi yangu haipo dukani"

Turudi Somanga. Mama aliyekuwa anatuuzia chai alikuwa na tochi ya betri kubwa mbili, zimeshakwisha nguvu, hakuna D kibandani. Zile AA zikining'inia. Kumbuka: volti ni ile ile. Tofauti ni kwamba D ina urefu wa milimita 61 na AA milimita 50, basi pengo ni milimita 11, na upana unacheza.

Nikachukua AA mbili, kila moja nikaizungushia gazeti mpaka ikawa nene kama D, nikaliacha gazeti lipitilize kitako. Ndani ya ule mdomo wa gazeti nikapanga sarafu tano hivi, zikabana kwenye kitako cha betri. Kichwa nikakiacha wazi. Angalia gazeti lizifunike sarafu pande zote: tochi ikiwa ya chuma, sarafu za betri ya mbele zikigusa mwili wake, betri ya nyuma inakuwa imegusanishwa yenyewe kwa yenyewe, na hapo ni moto. Nikazisukuma ndani, nikafunga kifuniko taratibu mpaka springi ikabana.

Ikawaka. Mama akaendelea kumimina chai, na ile tochi ya R6 mbili za zinki ikatupeleka mpaka karibu na alfajiri. Asubuhi nikamwomba sarafu zangu. Akanipa, akanikata na hela ya chai.